Maelezo juu ya Uso wa Barabara na Utelezi katika Uwanda wa Dodoma

Jina la mji wa Dodoma, kwa masimulizi yajulikanayo zaidi, latokana na neno la Kigogo, idodomya, lenye maana ya kuzama. Husimuliwa kuwa tembo alikwenda kunywa maji katika kijito, akanasa matopeni, akazama. Kama kisa hiki ni historia au ni ngano tu, si jambo la kuamuliwa hapa. Lakini chatosha kuonyesha kuwa wenyeji wa uwanda huu waliijua ardhi yao kwa jinsi inavyoshika mguu au inavyoukataa, zamani kabla ya gurudumu la gari kupita juu yake. Ardhi hiyo, iliyo ngumu kama tofali wakati wa kiangazi, hugeuka kuwa uji wakati wa kifuku.

Leo hatari haiko matopeni peke yake. Mwaka 1973 iliamuliwa kuwa Dodoma iwe makao makuu ya Tanzania, na tangu hapo barabara ziuelekeazo mji huo zimezidi kutengenezwa. Mwaka 2018 zilizinduliwa rasmi barabara za lami za kutoka Dodoma kwenda Babati na kwenda Iringa. Barabara hizo zafuata njia kuu ya zamani ya kaskazini, ambayo wakati wa utawala wa Waingereza ilipita Mbeya, Iringa, Dodoma, Kondoa, Babati na Arusha, na ambayo kwa miaka mingi sehemu yake kubwa ilikuwa ya udongo na changarawe. Mahali ambapo lori lilijikokota na kukwama, basi sasa hupita kwa kilomita 80 kwa saa, mwendo ambao ndio mpaka wa sheria kwa mabasi na malori makubwa. Udongo uzamishao umefunikwa. Utelezi haukufunikwa pamoja nao.

Suala lenyewe ni hili: kwa nini gari moja, lenye breki nzima na matairi mazima, husimama upesi mahali pamoja, na mahali pengine huteleza, hali barabara ni za lami kote kuwili na zote zimelowa mvua ile ile? Jibu lake limo katika uso wa barabara, katika mambo madogo yasiyoonekana na mtu aliyeketi garini. Nalo ni jibu linalohitaji maneno yake, kwani Kiswahili kina maneno mengi ya kutaja kuteleza, lakini kina machache ya kutaja kile kinachozuia kuteleza.

1. Maneno yaliyopo

Kuteleza ni kupoteza mshiko kwa ghafula. Mguu au gurudumu lilikuwa limeshika, mara likaachia. Kuserereka ni kuendelea kwenda baada ya kuachia, hasa mahali pa mteremko, bila ya nguvu ya kujizuia. Dereva aliyekanyaga breki huanza kwa kuteleza, na asipopata mahali pa kushika, huishia kuserereka. Kuna pia kunasa, kukwama na kuzama, ambayo ni maneno ya ardhi ishikayo kupita kiasi, wala si ya ardhi isiyoshika. Methali yasema kuwa kuteleza si kuanguka, na kwa mtu aendaye kwa miguu yake ni kweli tupu. Kwa basi lenye abiria sitini, nafasi iliyopo kati ya kuteleza na kuanguka ni mita chache, na mita hizo ndizo zinazoelezwa katika makala haya.

Neno utelezi lina upana mwingi. Hutaja hali ya ardhi iliyolowa, hutaja sababu ya mtu kuanguka, na hutaja tabia ya kitu chenyewe, kama vile kambale au sabuni. Kwa sababu ya upana huo, msikilizaji hulifasiri kwa desturi yake, na desturi ya wengi ni kuudhani utelezi kuwa ni kazi ya mvua. Mvua ikikatika, utelezi nao hudhaniwa umekwisha. Na mvua ikinyesha, barabara zote hudhaniwa kuwa na utelezi sawasawa. Dhana zote mbili si sahihi.

Neno laini nalo lina shida yake. Barabara isiyo na mashimo husifiwa kuwa ni laini; jiwe lililosuguliwa hata likang'aa huitwa laini vilevile. Ya kwanza ni sifa njema na ya pili ni hatari, na lugha ya kila siku haitenganishi. Wataalamu wa barabara hutenganisha kwa kipimo. Mikwaruzo iliyo midogo kuliko nusu ya milimita huhesabiwa kuwa jambo moja. Mabonde na vilima vilivyo kati ya nusu ya milimita na milimita 50 huhesabiwa kuwa jambo la pili. Katika maelezo yafuatayo, jambo la kwanza litaitwa mparuzo, kwa kuwa hutambulikana kwa kupitisha kidole juu ya jiwe na kusikia linavyoparuza. Jambo la pili litaitwa vibonde, kwa kuwa huonekana kwa macho: ni nafasi zilizopo baina ya kokoto na kokoto.

2. Mpira ushikavyo jiwe

Tairi la gari dogo hukutana na barabara kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mkono. Viganja vinne tu ndivyo vinavyolishika gari zima, na kila amri ya dereva, iwe ya breki au ya usukani, hupita hapo. Nguvu ya kushika ndiyo inayoitwa msuguano katika vitabu vya shule.

Msuguano wa mpira hutokana na sababu mbili. Ya kwanza ni kunata: mpira ukikandamizwa juu ya kitu kikavu, hugusana nacho kwa karibu mno hata ukashikamana nacho, na kuubandua kwahitaji nguvu. Ya pili ni kubonyea: kila ncha ya jiwe huuchoma mpira, mpira hubonyea, kisha hurudi katika umbo lake; lakini haurudishi nguvu yote iliyotumika kuubonyeza, nyingine hupotea kwa joto. Nguvu inayopotea hivyo hutolewa katika mwendo wa gari, na gari hupungua kasi.

Barabara ikiwa kavu na safi, kunata kwatosha kufanya kazi kubwa, hata jiwe likiwa limesuguliwa. Ndiyo sababu barabara mbaya haijulikani wakati wa kiangazi. Maji yakiingia baina ya mpira na jiwe, mambo hugeuka. Utando wa maji, hata ukiwa mwembamba kuliko karatasi, huzuia mpira usiliguse jiwe, na kunata hukoma. Hapo ndipo mparuzo unapotakiwa: ncha kali za jiwe hutoboa utando ule na kuugusa mpira mahali pakavu. Jiwe lisilo na ncha haliwezi kutoboa.

Lakini ncha hizo haziwezi kutoboa maji mengi. Lazima kwanza maji yaondoke, na muda wa kuondoka ni mfupi. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, kila mahali barabarani huwa chini ya tairi kwa muda usiofika sehemu moja ya mia ya sekunde. Maji yasipopata njia ya kukimbilia katika muda huo, tairi huyapanda. Njia zenyewe ni mbili: mitaro iliyochongwa katika tairi, ambayo mafundi wa magari huiita kashata pamoja na vipande vyake vya mpira, na vibonde vya barabara. Tairi kipara juu ya barabara isiyo na vibonde limenyimwa njia zote mbili.

Kwa hiyo kazi zimegawanyika. Vibonde huondoa maji mengi. Mparuzo hutoboa utando unaosalia. Gari liendalo polepole laweza kutosheka kwa mparuzo peke yake, kwa sababu maji hupata muda wa kutoka. Kadiri mwendo unavyozidi, ndivyo vibonde vinavyozidi kuhitajiwa. Barabara yenye mparuzo mzuri bila ya vibonde hulitendea gari wema kwa kilomita 40 kwa saa, kisha hulisaliti kwa kilomita 100. Na barabara yenye vibonde virefu lakini kokoto zake zimesuguliwa hupoteza mshiko tangu mwendo mdogo, ingawa kwa macho yaonekana mbaya, yenye kukwaruza na ya kuaminika. Jicho la dereva huona vibonde; mparuzo haulioni.

Katika miaka ya 1960 Walter Horne na wenzake wa shirika la anga la Marekani, NASA, walichunguza matairi ya ndege yanavyoelea juu ya maji, wakapata kanuni nyepesi: mwendo wa kuelea, kwa kilomita kwa saa, ni kama 6.36 mara kipeuo cha pili cha upepo wa tairi uliopimwa kwa kilopaskali. Tairi la gari dogo lenye kilopaskali 200 laweza kuelea katika dimbwi kwa mwendo wa kilomita 90 hivi. Tairi la lori lenye kilopaskali 700 lingehitaji kilomita 168, mwendo ambao lori haliufikii. Lakini dereva wa lori asijipongeze. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa lori lisilo na mzigo huweza kuelea kwa mwendo mdogo kuliko hesabu hiyo, na tena utelezi huanza kabla ya kuelea kabisa.

3. Mawe ya bara na mawe ya pwani

Mtu aingiaye Dodoma hupokewa na mawe makubwa yaliyopandana, na vilima vilivyo vitupu juu ya tambarare. Ni miamba ya itale, yaani granaiti, na ya jamii yake, nayo ni miongoni mwa miamba ya kale sana katika Afrika. Kokoto nyingi za barabara za uwanda huu hupondwa kutoka miamba ya namna hiyo. Huko pwani na visiwani mambo ni mengine: kwa karne nyingi watu wamejenga kwa mawe ya matumbawe, na barabara nyingi za zamani zilifanywa kwa mawe hayo.

Tofauti yake kwa gurudumu ni kubwa. Jiwe la matumbawe ni chokaa tupu au karibu ya kuwa chokaa tupu, na chokaa ni laini: katika kipimo cha ugumu wa madini, kinachoanzia 1 hadi 10, haizidi sana 3. Matairi yakipita juu yake mwaka hata mwaka, pamoja na mchanga uliolala njiani, jiwe lote husuguliwa kwa kadiri moja, ncha zake hufa, likang'aa. Itale si kitu kimoja. Ndani yake mna kwatsi yenye ugumu wa 7, mna feldispa yenye ugumu wa 6, na mna ulanga ulio laini karibu sawa na chokaa. Vitu hivyo havichakai kwa mwendo mmoja. Ulanga hutoka upesi na kuacha kishimo. Kwatsi hubaki imesimama. Hivyo jiwe huchakaa na huku likijinoa, kama msumeno ambao meno yake yapungua lakini hayaishi. Si kila itale ni sawa, na yenye chembe kubwa yaweza kuvunjika chini ya malori mazito. Lakini kwa jambo hili la mparuzo, bara limejaliwa kuliko pwani.

Ukali wa kwatsi ya uwanda huu umeandikwa katika historia kwa njia ya hasara. Baina ya mwaka 1947 na 1951 serikali ya Uingereza ilijaribu kulima karanga kwa matrekta huko Kongwa, mashariki ya Dodoma. Mradi ukaanguka kwa sababu nyingi, na mojawapo ilikuwa udongo wenyewe: kiangazi uligeuka kuwa mgumu kama sakafu, na chembe kali za kwatsi zilizomo zikayala majembe ya plau kwa upesi usiotazamiwa. Kilichoyaangamiza majembe ya Kongwa ndicho kinacholishika tairi juu ya barabara ya Kongwa. Wajenzi wa barabara wanapolichagua jiwe, hutafuta tabia ile ile iliyowafilisi wakulima wa karanga.

Hata hivyo, neema hiyo ina gharama yake. Lami hushikamana vizuri na jiwe la chokaa, lakini haishikamani vizuri na jiwe la kwatsi. Maji huingia baina yake na jiwe na kuibandua. Jiwe la pwani basi huishika lami na kuliacha tairi. Jiwe la bara hulishika tairi na kuiacha lami. Mafundi huidawa kasoro ya itale kwa kuchanganya chokaa kidogo iliyozimwa, au dawa nyingine ya kunatisha, na kwa kuhakikisha kuwa kokoto hazina vumbi kabla ya kumwagiwa lami. Kazi hiyo isipofanywa kwa uaminifu, kokoto hung'oka, vibonde hutoweka, na lami tupu hubaki usoni.

4. Jua, vumbi na mvua ya kwanza

Dodoma hupata mvua kidogo, wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha baina ya Desemba na Aprili. Miezi iliyosalia ni ya ukavu. Mpango huu wa majira huifanyia barabara mambo matatu.

Jambo la kwanza ni kusugua. Vumbi laini lililolala barabarani, likikanyagwa na matairi siku baada ya siku bila ya mvua ya kulikosha, hufanya kazi ya msasa mwembamba: huzing'arisha kokoto. Huko Uingereza wapimaji wameona tangu zamani kuwa barabara hupungua mshiko wakati wa joto na hurudishiwa sehemu yake wakati wa baridi, mvua zinapolikosha vumbi na hali ya hewa inapoparuza tena uso wa jiwe. Kwa kufuata sababu hiyo hiyo, nchi yenye miezi saba ya ukavu yapasa kutazamia kuwa mparuzo wake utakuwa mdogo kuliko wakati wowote mwingine siku ile kiangazi kinapokwisha.

Jambo la pili ni jasho la lami. Jua la mchana laweza kuipasha lami nyeusi hata kupita nyuzi 60 za sentigredi. Katika barabara zilizofanywa kwa kunyunyizia lami na kumwaga kokoto juu yake, lami iliyozidi kipimo hulainika, kokoto huzama ndani yake kwa uzito wa malori, na lami hupanda juu. Huonekana kama michirizi miwili myeusi yenye kung'aa, mahali pale pale magurudumu yapitapo. Hapo vibonde vimejazwa na mparuzo umefunikwa. Ikiwa kavu, michirizi hiyo haina neno. Ikilowa, huwa kama kioo. Ajabu yake ni kwamba dereva huipenda, kwa kuwa haipigi kelele wala haitikisi gari.

Jambo la tatu ni mvua ya kwanza. Katika miezi ya ukavu barabara hukusanya vumbi, matone ya mafuta ya magari, na unga wa mpira utokao katika matairi. Manyunyu machache ya kwanza hayana nguvu ya kuukosha uchafu huo. Huuchanganya tu ukawa utando mzito wenye kuteleza, ambao ncha za jiwe haziutoboi kwa urahisi kama zinavyotoboa maji safi. Mvua kubwa ikiendelea, uchafu hukokwa na barabara hurudiwa na sehemu ya mshiko wake. Kwa hiyo saa ya hatari si lazima iwe ile ya gharika. Mara nyingi ni nusu saa ya manyunyu ya mwanzo, ambapo dereva hajapunguza mwendo kwa sababu haoni maji.

5. Barabara za udongo

Nje ya barabara kuu, sehemu kubwa ya njia za Mkoa wa Dodoma bado ni za udongo na changarawe. Huko mambo ya utelezi hufuata mpangilio wa ardhi. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, alieleza katika miaka ya 1930 kuwa udongo wa Afrika ya Mashariki hubadilika kwa utaratibu kutoka kilele cha kilima mpaka bondeni, kama pete za mnyororo. Juu huwa na udongo mwekundu wenye mchanga. Chini, mahali maji yanapotuama, huwa na udongo mweusi wa mfinyanzi. Wataalamu walioandika kwa Kiingereza waliuita udongo huo wa chini kwa jina la Kiswahili, mbuga, na neno likaingia katika maandishi yao kama istilahi. Wenye lugha wenyewe leo hulitumia zaidi kwa nyika ya wanyama, na wachache hukumbuka kuwa liliwahi kukopeshwa.

Udongo wa mbuga ukikauka hupasuka nyufa. Ukilowa hufura, na uso wake huwa kama sabuni. Chembe zake ni ndogo mno hata hazina mparuzo wowote, na maji hayapenyi, hivyo hubaki juu. Udongo mwekundu wenye mchanga wa kwatsi hushika zaidi hata ukilowa, ndiyo sababu dereva wa bara huambiwa ajihadhari anaposhuka bondeni, si anapopanda kilimani.

Changarawe nayo ina hila yake, na hila hiyo ni ya kiangazi. Mawe yaliyolegea hubiringika chini ya tairi, na tairi lishikalo jiwe linalobiringika halikushika kitu. Tena, magari yapitapo kwa kasi huifanya barabara iwe na mawimbi madogo madogo, mithili ya makunyanzi. Dereva hugundua kuwa akizidisha mwendo mtikisiko hupungua. Hupungua kwa sababu magurudumu yake huruka kutoka wimbi hadi wimbi bila ya kugusa mabonde. Na gurudumu lililo hewani halisimamishi gari wala halilipindi. Raha anayoipata ni kipimo cha mshiko alioupoteza.

6. Jinsi ya kupima

Vibonde hupimwa kwa njia iwezayo kufanywa na mwanafunzi. Huchukuliwa mchanga mkavu wenye chembe za namna moja, kwa ujazo uliojulikana, ukamwagwa juu ya barabara iliyofagiliwa, ukatandazwa kwa duara mpaka umejaza vibonde na kulingana na vichwa vya kokoto. Duara likiwa dogo, mchanga umezama sana, yaani vibonde ni virefu. Duara likiwa kubwa, vibonde ni vifupi. Kwa mfano, sentimita 25 za ujazo zikitoa duara lenye upana wa sentimita 20, kina cha wastani ni milimita 0.8; zikitoa duara la sentimita 30, kina ni milimita 0.35 tu.

Mparuzo hauwezi kupimwa kwa mchanga. Hutumika chombo chenye mkono uningʼinio kama mizani ya saa, ambacho kiliendelezwa na maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza katikati ya karne ya 20. Mwisho wa mkono huo pana kipande cha mpira. Barabara hulowanishwa, mkono huachiwa uanguke, mpira hupara uso wa barabara, na mkono hupanda upande wa pili. Ukipanda sana, barabara haikuuzuia, yaani ina utelezi; ukipanda kidogo, barabara imeushika. Vipimo hivi viwili hutakiwa pamoja, kwa kuwa kila kimoja husema jambo ambalo kingine hakilijui.

7. Mita zinazogombaniwa

Yafaa sasa kuona thamani ya mambo haya kwa hesabu. Basi laenda kilomita 80 kwa saa. Likishikwa kwa nguvu iliyo sawa na sehemu 7 za 10 za uzito wake, kama ilivyo katika barabara kavu iliyo njema, litasimama baada ya mita 36 tangu breki zianze kushika. Mshiko ukipungua kwa nusu, kama uwezavyo kupungua juu ya kokoto zilizosuguliwa na kulowa, litahitaji mita 72. Na pale lilipotakiwa liwe limekwisha simama, kwenye mita ya 36, bado litakuwa likienda zaidi ya kilomita 56 kwa saa, mwendo unaozidi ule unaoruhusiwa kupita katika makazi ya watu, ambao ni 50.

Hesabu hiyo ni ya tambarare. Uwanda wa kati una kingo zake: mlima Sekenke katika njia ya Singida kwenda Igunga, na mteremko wa Fufu katika njia ya Iringa. Katika mteremko unaoshuka mita 7 kwa kila mita 100, uzito wa gari huzivuta breki kinyume, na zile mita 72 huwa 90. Ikiwa breki zimekwisha pata moto, au mvua ya kwanza ndiyo kwanza imeanguka, mita hizo huzidi tena.

Utunzaji wa barabara kuu na za mikoa uko mikononi mwa Wakala wa Barabara, ulioanzishwa mwaka 2000, na wa barabara za vijijini na mijini uko kwa wakala mwingine ulioanzishwa mwaka 2017. Kazi ya kurudisha vibonde, kwa kunyunyizia lami mpya na kokoto safi, au kuchagua jiwe lisilosuguka upesi kwa kona na miteremko, ni kazi ya wahandisi. Lakini kuna sehemu iliyo ya wenye lugha. Dereva hufundishwa kwa Kiswahili, huonywa kwa Kiswahili, na ajali yake huelezwa kwa Kiswahili. Akiambiwa tu kuwa kuna utelezi, atalitazama wingu. Akifundishwa mparuzo na vibonde, au maneno mengine yatakayokubaliwa na wengi kwa maana hizo mbili, atajua kuitazama michirizi myeusi mbele yake hata kabla ya mvua, na atajua kwa nini barabara isiyopiga kelele yataka mwendo mdogo zaidi. Hali kadhalika mwandishi wa ripoti ya ajali ataweza kutenganisha kosa la dereva, kosa la tairi na kosa la jiwe, mambo matatu ambayo hadi sasa huandikwa mara nyingi kwa neno moja.